Mikono ya Mwezi wa Tatu

Jumamosi ile duka la Maman Victorine, kwenye Chaussée de Wavre, lilijaa mpaka mlango ukakataa kufunga. Watu walisimama mstari mmoja kati ya magunia ya unga wa muhogo na friji ya samaki, mikoba mikononi, mvua ya mwezi wa kumi ikiwadondoka mabegani. Hakuna aliyekuwa anazungumzia samaki. Walikuwa wanazungumzia mpira wa kikapu. Timu ya Tanganyika, ile ya Warundi na Wakongo wa Brussels, ilikuwa imepoteza mchezo wa kwanza wa msimu kwa pointi moja, na mtu aliyekosa mpira wa mwisho alikuwa Hénock, mchezaji wao bora.

Mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa msichana mmoja wa koti la mvua la manjano. Mtandio wake wa zambarau ulikuwa umefungwa nyuma kama kilemba, na viatu vyake vya raba vilikuwa vyeupe, vimesuguliwa kwa mswaki. Jina lake Yasmina. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akaletwa Ubelgiji akiwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kupokea wagonjwa kwa daktari wa meno, mahali ambapo mtu huongea polepole siku nzima. Kwa hiyo ikifika Jumamosi maneno yalikuwa yanamwagika yenyewe.

"Huyo Hénock," alisema, akiinua mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa kwao, juu ya kichwa kama mpira, "anasimama hivi. Anapumua. Anadundisha mara nne, utasema anagonga mlango kwa shangazi yake. Halafu anatupa. Na mpira unamwambia, kaka, mimi huko siendi."

Duka zima likacheka. Maman Victorine mwenyewe alicheka mpaka akapima vibaya, akarudisha samaki kwenye mizani.

"Na kama uyu muntu mwenye unasema anakusikia?" sauti nene ikauliza nyuma yake.

"Anisikie tu, sha. Masikio si anayo mawili?"

Akageuka. Kwanza aliona vifungo vya ovaroli ya bluu ya fundi, kisha akainua macho, akaendelea kuinua. Hénock alikuwa amesimama na gunia la unga begani kama mtu aliyebeba mto wa kulalia. Yasmina alimtazama kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Kumbe uko mrefu hivi," alisema, "na bado unakosa."

Hénock alianza kucheka kwa macho, halafu mabega, mwisho gunia lenyewe likatikisika.

"Ata mtangazaji wetu hana faida," alisema mwanamume mmoja karibu na mlango. "Anasalimia balozi, anasalimia mama mkwe wake, mchezo unaisha hatujue ni nani amefunga."

"Niko hapa," ikasema sauti nyuma ya friji. Akatokea Tonton Tharcisse, rais wa timu na mtangazaji wake, kofia ya sufi kichwani na kichwa cha sangara mkononi.

"Pardon, Tonton."

"Hapana, bon, unasema kweli. Mama mkwe alinipigia simu kunishukuru." Akamgeukia Yasmina. "Mutoto, weye njo utatangaza dimanche ijayo. Micro iko kwangu."

Ndivyo Yasmina alivyopata kipaza sauti cha Jumapili na mwanamume katika mstari mmoja wa samaki. Hénock alimbebea mfuko mpaka Porte de Namur, ingawa mfuko wenyewe ulikuwa na ndagala na limau mbili tu.

"Kwenu wapi?" aliuliza Yasmina walipofika kwenye ngazi za metro.

"Lubumbashi. Mama yangu anaimba mu chorale ya Wamethodisti, na dimanche anauzisha beignets ku mlango wa salle. Utamuona. Ye njo fan yangu wa kwanza."

"Na wa pili?"

"Nilifikiri nimemupata leo. Lakini iko na mudomo."

Yasmina akampa namba yake ya simu.

* * *

Tangu siku ile simu zao zilikuwa moto. Hénock alikuwa anatengeneza lifti katika majengo ya ofisi, na alimpigia kutoka ndani ya mashimo yale, sauti ikirudi mara mbili.

"Mutima yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko ghorofa ya ngapi?"

"Septième, ya saba. Ascenseur imekufa, napanda na miguu. Unaona mapenzi?"

"Naona mshahara."

Lakini mapenzi yale yalikuwa ya siri. Baba yake Yasmina, Papa Juma, mtu mpole wa kanzu iliyopigwa pasi kila Ijumaa, alikuwa amesema neno moja tu juu ya mume wa binti yake, na hakuwahi kulirudia: "Mkwe wangu nitasimama naye safu moja msikitini." Yasmina alimsimulia Hénock maneno hayo wakiwa wamekaa kwenye benchi, wanakula chipsi zilizolowa mayonezi. Alisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka. Hénock alijipangusa vidole kimoja kimoja kwa karatasi.

Wiki ile ile alikwenda kwa Mzee Kadiri, mzee wa Kirundi mwenye kibanda cha misala, udi na kadi za simu ndani ya galerie ya Matonge, ule ujia wa maduka. Alimkuta anakunywa chai.

"Mzee, nataka kujifunza."

"Kwa ajili ya mwanamke?" aliuliza Mzee Kadiri bila kuinua macho.

"Ndiyo."

"Umesema kweli, basi kaa. Wengine wananidanganya."

Akakaa. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi alikaa kwenye stuli ya plastiki kati ya marobota ya misala, mguu mmoja ndani na mwingine nje kwa sababu ya urefu, akirudia maneno. Kabla mwaka ule haujaisha alitoa shahada mbele ya wazee wawili. Yasmina hakuambiwa. Hénock alitaka aweze kwanza kusimama safu moja na Papa Juma bila karatasi mfukoni, bila kumtazama jirani ili ajue lini kuinama. Mama yake pia hakuambiwa, na huko hofu ilikuwa kubwa zaidi.

Kuhusu uwanjani, walipatana kwenye simu.

"Ukinisifu mu micro, bantu batajua," alisema Hénock.

"Basi nikuseme vibaya?"

"Niseme. Lakini kidogo."

"Kidogo sijui, mimi nimezaliwa Buyenzi."

Wote wawili wakacheka.

Msimu ule Hénock alicheza kama hana mifupa. Baada ya kosa lile la kwanza, mpaka mwezi wa pili, ile mitupo miwili ya adhabu, ambayo mchezaji husimama peke yake mbele ya kikapu na ukumbi mzima ukimtazama, alikuwa anaiweka ndani macho yamefumba nusu. Kisha ukaja mwezi wa tatu, michezo ya mtoano, na Ramadhani ndani yake. Michezo ilianza saa kumi na nusu jioni. Hénock alikuwa hajaonja maji tangu alfajiri, na mchana alikuwa amepanda ghorofa tisa na sanduku la vyuma. Magoti yalikuwa yake, mikono ilikuwa ya mtu mwingine. Akakosa. Akakosa tena. Tanganyika wakatolewa.

Hakuna aliyefikiria mfungo. Jina lake Hénock, mama yake Antoinette, mwimbaji wa chorale, ambaye kila Jumapili alimkabidhi pale mlangoni beignets tatu za moto, maandazi ya kwao, ndani ya serviette nyeupe ya kitambaa. "Kula, papa, upate nguvu," alimwambia, kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto wao wa kiume. Hénock alizishika, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaingia chumba cha kuvaa na kuzifukia chini ya taulo.

Na Yasmina? Naye alikuwa amefunga, midomo imekauka juu ya kipaza sauti. Mtu pekee ukumbini ambaye angeweza kumwelewa Hénock alikuwa ndiye aliyemtazama akikosa, akaona ukumbi umenuna, akataka kuuchangamsha.

"Mabibi na mabwana," alisema, "tumpokee Monsieur Mars, Bwana Mwezi wa Tatu. Miezi kumi na moja ni mwanaume. Huu mmoja anapumzika."

Ukumbi ukalipuka. Kabla watu hawajafika Porte de Namur jina lilikuwa limeshapata wimbo, na wimbo una makofi matatu mwishoni.

* * *

Mwaka uliofuata Hénock alianza tena vizuri, na mwezi wa tatu ukaja tena, safari hii na Ramadhani tangu siku ya kwanza. Mchezo wa kwanza wa mtoano alikosa mitupo mitano.

Jumatatu yake alikwenda kunyoa kwa Djibril, kinyozi wa Chaussée d'Ixelles. Djibril alikuwa amemfunika uso kwa taulo la moto, na waliokuwa wanangoja zamu hawakumtambua.

"Iko ku mikono," alisema mmoja. "Muntu hawezi kuwa na mikono ya miezi kumi na moja."

"Hapana, ni moyo. Moyo wake ni wa kuku."

"Miye nasema ni ule binti wa micro. Anamuvunja. Kila akishika mpira, yeye anaimba."

"Acha binti wa watu. Bila yeye nani angelipa kuingia? Miye nakwenda kumusikia yeye, hata sitazame mpira."

"Donc Hénock ni wa nini?"

"Ni wa kuchekwa, kwani iko na kazi ingine?"

Djibril alikohoa, lakini hawakumwelewa. Taulo lilipotoka, waliokuwa mabenchini wakatazama viatu vyao. Hénock alisimama, akajitazama kwenye kioo, akasema asante, akatoka na povu nyuma ya sikio.

Alimpigia Yasmina kutoka barabarani.

"Yasmina, ile jina. Toa."

"Jina gani, Monsieur Mars wangu?"

"Minasema kweli. Batoto ba jirani bananiimbia ku mlango. Ku kazi chef ananiita Mars."

"Si tulipatana, roho? Wewe mwenyewe ulisema nikuseme."

"Nilisema kidogo."

"Kidogo kimekua." Alikuwa na furaha siku hiyo; alikuwa ameombwa kutangaza harusi tatu, na kwenye moja watakuwepo watu mia nne. "Sikiliza, mpenzi. Unataka jina life? Tupa mpira ndani. Ni hilo tu. Mimi sikosi kwa niaba yako."

Hénock alisimama mbele ya duka la vitenge. Ulimi ulikuwa na jibu tayari. Aliwaza Idi, siku ishirini na kidogo zilizobaki, Mzee Kadiri akiwa amekubali kwenda kwa Papa Juma kupeleka posa. Akameza lile jibu, kitu cha kwanza alichomeza tangu alfajiri.

"Hauna huruma," alisema.

"Ninayo. Naiacha nyumbani. Kwenye micro ninaenda na mdomo peke yake."

Alisema hivyo kwa utani, na alijisikia amesema vizuri. Wengi tunajiumiza pale tunapojisikia tumesema vizuri.

Nusu fainali ilichezwa Jumapili ya katikati ya mwezi. Yasmina alivaa gauni refu la rangi ya maji ya embe lenye mikono mipana, na kila alipoinua kipaza sauti ule mkono ulishuka kama bendera. Watu walikuja kwa ajili yake, alilijua hilo. Zimebaki dakika mbili, Hénock akasimama kwenye mstari. Akadundisha mpira, na Yasmina akahesabu pamoja naye, kila pigo kwa sauti ya kunong'ona ambayo spika zilifanya kubwa.

"Moja. Mbili. Anagonga kwa shangazi. Tatu. Nne. Shangazi, fungua."

Mpira ukagonga chuma.

"Shangazi amehama."

Hata wapinzani walicheka. Hénock hakugeuka. Alirusha wa pili bila kudundisha, bila kutazama vizuri, kama mtu anayetupa takataka, na huo nao ukatoka. Mlangoni, nyuma ya ndoo yake ya beignets, Maman Antoinette alikuwa anakunja serviette nyeupe, anaikunjua, anaikunja. Tanganyika walishinda siku hiyo kwa mikono ya Bienaimé, kijana mfupi mwenye mbio, na wimbo wa Monsieur Mars uliimbwa mpaka nje.

Yasmina aliangalia saa. Ilikuwa imebaki dakika moja kabla ya magharibi. Akachukua tende zake tatu kwenye mkoba, akakimbilia kwenye ujia wa nyuma penye bomba la maji, kwa sababu huko hakuna watu.

Kulikuwa na mtu. Alichuchumaa ukutani, jezi imelowa jasho, magoti yamefika masikioni. Kwenye kiganja chake cha kulia kulikuwa na tende moja, na macho yake yalikuwa kwenye simu aliyoilaza sakafuni. Pembeni yake, ndani ya begi lililo wazi, beignets tatu zilikuwa zimepoa kwenye serviette.

Simu ya Yasmina ikaadhini mfukoni. Ya Hénock ikaadhini sakafuni. Zilipishana kidogo, kama waadhini wa misikiti miwili ya jirani, na katika ujia ule mwembamba ilisikika sana.

"Bismillahi," alisema Hénock kwa sauti ya chini, akaweka tende mdomoni, akafumba macho.

Yasmina alisahau za kwake. Miaka miwili ilikuwa inapita kichwani mwake mchezo kwa mchezo, mpira kwa mpira, na kila mpira ulikuwa na neno lake nyuma yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kula kwanza. Unachelewesha."

"Hénock, tangu lini?"

"Mwaka jana ilikuwa juu yako." Alitema kokwa kwenye kiganja. "Mwaka huu nimekuta nafunga juu ya Mungu. Sijue ilibadilika siku gani." Akainuka, akanywa maji ya bomba kwa mkono, akavaa begi. "Nakuomba kintu moja, Yasmina, moja tu. Usiambie muntu. Mama hajue. Siku ya Idi nitamukalisha chini, nitamuambia na mudomo yangu. Asisikie kwa bengine. Unanisikia?"

"Nakusikia. Wallahi."

"Bon."

"Na mimi na wewe?"

Hénock aliweka begi sawa begani. Alikuwa amechoka, lakini uso wake ulilegea kidogo.

"Mzee Kadiri atakuja kwenu siku ya Idi," alisema. "Nilimupanga tangu mwezi wa kwanza. Fainali ipite kwanza."

Usiku ule na siku zote zilizofuata Yasmina alimpigia, na Hénock alijibu, maneno machache lakini alijibu. Yasmina alinunua kitambaa cha kijani chenye uzi wa fedha, akampelekea fundi, akamwambia ni cha Idi. Mama yake, Bi Fatuma, aliuliza mbona kina uzi wa fedha kama cha bibi harusi. "Idi si Idi?" alisema Yasmina.

* * *

Fainali ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Idi, mfungo wa mwisho. Yasmina alikuja amejipanga. Hatasema Monsieur Mars. Atasema Hénock, jina alilopewa na mama yake, basi. Alilisema mwanzoni wakati wachezaji wanaingia, na ukumbi ukalipokea kwa wimbo ule ule na makofi matatu. Akasema tena Hénock. Wakaimba tena. Walidhani ni mchezo mpya.

Hénock alikuwa amepauka, midomo nyeupe. Aliangusha mipira miwili mikononi. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wametengeneza kalenda kubwa ya karatasi yenye mwezi mmoja tu, wakaipeperusha. Zilipobaki sekunde tisa Tanganyika walikuwa nyuma kwa pointi moja, na Hénock akapigwa kiwiko. Mitupo miwili.

Akasimama kwenye mstari. Wimbo ukaanza juu kabisa, ukashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini.

"Tafadhali," alisema Yasmina kwenye kipaza sauti. "Kimya kidogo, tafadhali."

Wakacheka, wakaongeza sauti.

"Nasema kweli, jamani. Nimekosa. Ninamwomba msamaha mbele yenu."

Wakacheka zaidi, mtu mmoja alipiga filimbi, Tonton Tharcisse kando yake alijipangusa machozi ya kicheko. "Uyu mutoto ni hatari," alisema. Yasmina aliwatazama. Aliwafundisha mwenyewe, kwa miezi kumi na nane, kwamba kila neno likitoka kwake ni la kucheka. Hénock alikuwa ameshika mpira tumboni, kichwa chini, anangoja. Hakumtazama. Kama angemtazama, labda.

"Amefunga," alisema Yasmina. "Mnamcheka mtu aliyefunga. Hénock ni Mwislamu, hajala wala hajanywa tangu alfajiri, mwaka jana pia, michezo yote ile. Sasa chekeni."

Kimya kilichoanguka hakijawahi kusikika katika ukumbi ule. Kalenda ya karatasi ilishuka. Katika kimya hicho sauti ya kwanza ilikuwa ya kifuniko cha ndoo, kule mlangoni.

Hénock aliinua kichwa. Hakutazama kwa Yasmina. Alitazama mlangoni. Maman Antoinette alikuwa amesimama katika kitenge chake cha chorale, buluu yenye misalaba midogo ya dhahabu, serviette mkononi.

Mwamuzi alipiga filimbi. Hénock akageukia kikapu. Alidundisha mara nne. Mpira uliingia bila kugusa chuma. Akadundisha mara nne. Ukaingia.

Sekunde tisa zikaisha bila wapinzani kufunga, ukumbi ukaamka wote. Walimiminika uwanjani, wakamwinua, na alipokuwa juu ya mabega yao alikuwa bado anatazama mlangoni, ambako palibaki ndoo peke yake.

"Unaona?" mtu alimwambia mwenzake wakitoka. "Nilikuambia ni ule binti. Njo amemuponyesha."

"Hapana, iko ku mikono. Mikono imerudi."

Walibishana hivyo mpaka Porte de Namur, na pengine bado wanabishana.

Yasmina alimkuta Hénock kwenye ujia wa nyuma, penye bomba. Jua lilikuwa halijazama bado. Alikuwa amekaa sakafuni, simu sikioni, ikiita bila kupokelewa. Kwenye magoti yake alikuwa ameikunjua serviette nyeupe. Mama yake alikuwa amempa mtu amletee pamoja na ujumbe, na ndani yake hakukuwa na kitu.

"Amesema nini?" aliuliza Yasmina.

"Amesema, miaka mbili namupikia, kumbe nalisha begi." Aliizima simu. "Njo maneno yote amesema. Na mama yangu ni muntu wa maneno mingi."

"Nilitaka wanyamaze. Walikuwa wanakucheka, nisingeweza..."

"Miaka mbili bananicheka, uliweza."

Yasmina alikaa chini kando yake, gauni lake safi kwenye maji yaliyomwagika.

"Nipige, nitukane, sema chochote," alisema. "Mimi nakupenda, Hénock. Nilikosea kwa sababu nakupenda."

"Najua." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Yasmina. "Weye hauko mubaya. Lakini kila kintu nitakuambia mu nyumba, nitakaa nangoja siku nitaisikia mu micro. Ya kunicheka, ya kunisaidia, ni sawa. Nilikuomba moja tu."

"Na Mzee Kadiri?"

"Muzee ni muntu wa kutimiza. Alisema atakuja, atakuja." Akasimama, akaning'iniza begi begani. "Atakuja kula."

* * *

Siku ya Idi nyumba ya Papa Juma ilinukia iliki na nyama ya mbuzi tangu asubuhi. Yasmina alivaa gauni la kijani lenye uzi wa fedha, kwa sababu lilikuwa limeshashonwa. Saa nane mchana kengele ililia. Mzee Kadiri aliingia katika kanzu nyeupe na koti jeusi, akavua viatu, akawapa wote mkono wa Idi, akaketi.

Alikula polepole, kama watu wa umri wake. Kila alipoweka kijiko chini Yasmina aliacha kupumua, na kila mara kijiko kiliinuliwa tena.

"Nimesikia habari ya yule kijana wa kikapu," alisema Papa Juma, akimmiminia mgeni chai. "Leo asubuhi msikitini nimesimama naye safu moja, bega kwa bega. Hakukosea hata kuinama. Halafu nasikia amefunga miaka miwili huku anacheza. Mimi ningekuwa na mkwe kama yule ningeshukuru mpaka kufa. Hana mchumba?"

Mzee Kadiri aligeuza macho kwa Yasmina, yakakaa hapo kidogo, yakarudi kwenye sahani.

"Alikuwa naye," alisema. "Pilau hii, Bi Fatuma, mdalasini umeweka wa vijiti au wa unga?"

"Wa vijiti, mzee."

"Ndiyo maana."

Yasmina alifungua mdomo. Baba yake, mama yake na mgeni wakamgeukia, wakatabasamu kabla hajasema neno, kwa sababu walimzoea.

"Niwaongeze mchuzi?" alisema.